Je, Anayemtii Papa Anaweza Kuwa Mtu Huru?

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa usharika wetu alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Watu walipopungua akanisogelea, akasema, "Baba Mchungaji, mwanangu ameniletea mchumba. Binti ana adabu, ana kazi yake, sina neno naye. Lakini ni Mkatoliki." Nikamwuliza, "Sasa Mama, unachoogopa ni nini hasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtu anayemtii Papa wa Roma, atakuwa huru kweli katika nyumba ya mwanangu? Au kila jambo litaamuliwa na padre wao?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba tukutane Jumatano. Usiku nilirudia madaftari yangu ya historia ya Kanisa, yale ya tangu chuo cha theolojia, maana nilijua swali lake ni la zamani kuliko sisi sote. Iko nchi moja iliyoliuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 300, mara nyingine kwa maneno, mara nyingine kwa moto. Nchi hiyo ni Marekani, ambayo hujisifu kuwa nchi ya uhuru. Nawaandikia niliyoyakuta huko, kwa sababu yanawahusu Wakatoliki, na yanatuhusu na sisi Walutheri kuliko tunavyodhani.

Koloni la Maryland

Mwezi Machi 1634 meli mbili kutoka Uingereza, Ark na Dove, zilitia nanga katika eneo lililoitwa Maryland. Mwenye koloni alikuwa Cecilius Calvert, bwana mkubwa wa Kikatoliki. Kwao Uingereza Wakatoliki walikuwa wakitozwa faini na kunyimwa vyeo kwa ajili ya imani yao. Calvert alitaka mahali ambapo Mkatoliki angeweza kusali bila kujificha. Lakini wengi waliopanda meli zake walikuwa Waprotestanti, na alijua koloni lake lisingesimama bila amani kati ya pande hizo mbili.

Mwaka 1649 baraza la Maryland likapitisha sheria juu ya dini. Ilisema kwamba mtu yeyote anayemwamini Yesu Kristo asisumbuliwe kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kufuata dini nyingine. Ilikataza hata matusi ya kidini. Aliyemwita jirani yake kwa dharau majina kama "Mpapa", "Mpuritani" au "Mlutheri" aliweza kutozwa faini. Naam, jina letu limo katika orodha ile, miongoni mwa majina yaliyokuwa yakitumiwa kama tusi.

Hata hivyo tusiipambe sheria hiyo kupita kiasi. Aliyekana Utatu Mtakatifu aliweza kuuawa. Myahudi hakuwa na nafasi ndani yake. Ilikuwa hatua fupi, lakini ilipigwa wakati ambapo jirani zao Wapuritani wa Massachusetts walikuwa wamewapiga marufuku Wajesuiti, na mwaka 1660 wakamnyonga Mary Dyer kwa sababu ya imani yake ya Kikweka.

Haikudumu. Mwaka 1689 Waprotestanti wa Maryland waliipindua serikali ya akina Calvert. Kanisa la Uingereza likawa kanisa la koloni. Misa ikakatazwa hadharani, ikabaki ya kusomwa majumbani. Mwaka 1718 Wakatoliki wakanyimwa haki ya kupiga kura, katika koloni lililoanzishwa na Mkatoliki. Waliowafungulia wengine mlango wakafungiwa nje.

Katika nyumba moja ya Kongresi

Hivyo Charles Carroll alikulia Maryland akiwa tajiri asiye na haki. Shule za Kikatoliki zilikatazwa, ndiyo maana baba yake akampeleka kwa Wajesuiti huko Ufaransa. Aliporudi hakuruhusiwa kupiga kura wala kushika ofisi ya umma. Lakini mwaka 1776 wajumbe wa makoloni 13 walipoweka sahihi zao kwenye Azimio la Uhuru, Carroll alikuwa miongoni mwao, Mkatoliki pekee.

Wenzake wengi walikuwa na mashaka. Mwaka 1774 Uingereza ilipowaruhusu Wakatoliki wa Quebec kushika dini yao kwa uhuru, viongozi wa makoloni walilalamika vikali, kana kwamba uhuru wa Mkatoliki ni hatari kwa uhuru wao. Boston kila tarehe 5 Novemba vijana walichoma sanamu ya Papa barabarani. George Washington ndiye aliyewakataza askari wake mchezo huo mwaka 1775. Aliona ni upumbavu kumtukana Mkatoliki wa Kanada huku wanatafuta urafiki wake. Baada ya muda mfupi Ufaransa, nchi ya Kikatoliki, ikawasaidia kushinda vita.

Vita vilipokwisha, Katiba ya mwaka 1787 ilikataza mtu kupimwa dini yake ndipo apewe ofisi ya serikali kuu. Mmoja wa waliotia sahihi alikuwa Daniel Carroll, ndugu wa John Carroll aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Kikatoliki wa Marekani. Mwaka 1789 Daniel aliketi katika Baraza la Wawakilishi lililojadili marekebisho ya Katiba, likiwamo lile la kwanza, linalokataza Kongresi kuanzisha dini ya taifa au kuzuia watu kuifuata dini yao. Na aliyekalia kiti cha Spika katika baraza lile ni nani? Ni Frederick Muhlenberg, aliyekuwa mchungaji wa Kilutheri, mwana wa Henry Melchior Muhlenberg aliyeyapanga makanisa yetu ya kwanza huko Marekani. Sahihi ya Muhlenberg iko kwenye waraka wa marekebisho hayo. Mkatoliki alichangia hoja na Mlutheri aliongoza kikao. Wote wawili walitoka katika makanisa ambayo huko Ulaya yalikuwa yamezoea kulindwa na upanga wa mfalme.

Moto Philadelphia na maneno ya Roma

Katiba ni karatasi, mioyo hubadilika polepole. Miaka ya 1830 na 1840 wahamiaji Wakatoliki walimiminika kutoka Ireland na Ujerumani. Usiku wa tarehe 11 Agosti 1834, kundi la watu lilichoma nyumba ya masista na shule yao huko Charlestown, karibu na Boston. Mwaka 1844 ikawa zamu ya Philadelphia. Askofu Francis Kenrick alikuwa ameomba watoto wa Kikatoliki shuleni waruhusiwe kusoma Biblia ya tafsiri ya kanisa lao badala ya ile ya Kiprotestanti. Uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wanataka kuiondoa Biblia shuleni. Watu waliuawa, na makanisa mawili ya Kikatoliki yakateketezwa. Wapendwa, waliowasha moto ule walisema wanaitetea Biblia.

Je, hofu yao haikuwa na sababu yoyote? Tuseme kweli. Mwaka 1832 Papa Gregori XVI aliandika waraka ulioukataa vikali uhuru wa dhamiri, akauona kuwa wazimu. Mwaka 1864 Papa Pio IX alitoa orodha ya mafundisho aliyoyaita makosa, na kati yake lilikuwamo wazo la kutenganisha Kanisa na serikali. Mprotestanti wa Marekani aliposoma hayo alisema, "Mnaona? Wakiwa wachache wanaomba uhuru. Wakiwa wengi watatunyima."

Lakini mapapa hao nao walikuwa na kumbukumbu zao. Waliosema "uhuru" huko Ufaransa mwaka 1789 waliishia kuwaua mapadre na kupora makanisa. Pio IX mwenyewe aliikimbia Roma mwaka 1848 baada ya waziri wake kuchomwa kisu. Waliposikia neno uhuru walisikia sauti ya wauaji wale. Hawakuona kwamba ng'ambo ya bahari neno hilohilo lilimaanisha jambo jingine: serikali iliyokubali kwamba madhabahuni si mahali pake. Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, alilitambua hilo alipotembea Marekani. Mwaka 1835 aliandika kwamba Wakatoliki aliowakuta huko walikuwa watu wa demokrasia, waaminifu kwa imani yao na kwa jamhuri yao.

Waliosahauliwa

Mpaka hapa nimesimulia kana kwamba uhuru wa Marekani ulikuwa shauri la Wakatoliki na Waprotestanti tu. Sivyo. Charles Carroll, aliyetia sahihi Azimio linalosema watu wote wameumbwa sawa, alimiliki mamia ya watumwa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, wakapelekwa mashamba ya Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hizo ililipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Roma ilikuwa imeagiza familia zisitenganishwe. Agizo hilo halikuzingatiwa. Mwaka uliofuata Papa Gregori XVI, yuleyule aliyeukataa uhuru wa dhamiri, aliandika waraka wa kulaani biashara ya watumwa, lakini askofu mmoja wa Marekani akaeleza kwamba waraka huo haukugusa utumwa uliokuwako nchini mwao. Na mwaka 1857 Roger Taney, Jaji Mkuu na Mkatoliki, aliandika hukumu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Kijana mmoja aliyezaliwa utumwani huko Missouri mwaka 1854, Augustus Tolton, alitamani upadre. Seminari zote za Marekani zilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Ikabidi asome Roma, akapadirishwa huko mwaka 1886. Alitarajia kutumwa Afrika. Akarudishwa nchini kwake akawahudumie waliomkataa pamoja na waliokataliwa. Linganisheni: Roma, iliyoogopwa kuwa adui wa uhuru, ndiyo iliyompa nafasi, na nchi ya uhuru ikamnyima.

Tusikimbilie kuwanyooshea Wakatoliki kidole. Walutheri wa Marekani walimbarikia Jehu Jones kuwa mchungaji mwaka 1832, Mlutheri mweusi wa kwanza kupata huduma hiyo huko, wakikusudia aende Liberia. Alipobaki na kuanzisha usharika wa watu weusi Philadelphia, jengo lao likapotea kwa deni. Kanisa lililokuwa na fedha halikumwokoa.

Mwalimu Mlutheri na wakili Mkatoliki

Sasa nifike kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wamarekani waliwachukia Wajerumani, na Walutheri wengi huko walikuwa wa asili ya Kijerumani. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilikataza kuwafundisha watoto wadogo lugha yoyote ya kigeni. Mwaka 1920 mwalimu wa shule ya usharika wa Kilutheri, Robert Meyer, alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi ya Biblia kwa Kijerumani. Akatozwa faini ya dola 25. Alikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani.

Aliyesimama kumtetea mbele ya majaji alikuwa Arthur Mullen, Mkatoliki wa asili ya Ireland. Fikirini hali ilivyokuwa. Mafundisho ya Walutheri wale yalimwita Papa Mpinga Kristo, na Mkatoliki akawatetea wafundishe watoto wao Neno la Mungu kwa lugha ya baba zao. Mwaka 1923 mahakama ikaamua kwamba Meyer hakukosa, na kwamba wazazi wana haki juu ya malezi na elimu ya watoto wao.

Jimbo la Oregon nalo lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1922, ikiungwa mkono na Ku Klux Klan, kwamba watoto wote wa miaka 8 hadi 16 wasome shule za serikali. Shabaha ilikuwa kuziua shule za Wakatoliki, ingawa za Walutheri zingekufa pamoja nazo. Masista wenye shule wakaenda mahakamani. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu iliwapa haki, na msingi iliousimamia ni ile hukumu ya Meyer. Mkatoliki alimtetea Mlutheri, na kesi ya Mlutheri ikawaokoa masista. Wote wawili waligundua kwamba serikali iliyoweza kumnyang'anya mmoja mtoto wake isingemsaza mwingine.

Padre aliyeambiwa anyamaze

Hata hivyo hofu ya zamani haikufa. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki, aligombea urais akashindwa, na dini yake ilikuwa mojawapo ya mambo aliyopigwa nayo. John F. Kennedy alipogombea mwaka 1960, ilimbidi aende Houston tarehe 12 Septemba kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea amri za Papa katika kazi ya urais. Alishinda. Nampa heshima yake, ila maelezo yake yaliacha swali: kama imani ya mtu haisemi chochote kazini kwake, inakaa wapi? Mchungaji Martin Luther King alionyesha njia nyingine mwaka 1963. Akiwa gerezani Birmingham, yeye Mbaptisti aliwanukuu Augustino na Tomaso wa Akwino kuonyesha kwamba sheria ya binadamu inayopingana na sheria ya Mungu si sheria ya haki. Urithi huo wa Kanisa la kale uliwatetea watu weusi mahali ambapo Jaji Taney aliwatupa.

Aliyelifanyia kazi swali la uhuru ndani ya Kanisa Katoliki ni Mjesuiti John Courtney Murray, aliyefundisha Woodstock, Maryland, katika nchi ileile ya akina Calvert. Murray alisema Marekebisho ya Kwanza ya Katiba si fundisho la imani, wala hayasemi dini zote ni sawa. Ni mapatano ya amani: serikali inakiri kwamba haina uwezo wa kuhukumu mambo ya roho. Mkatoliki anaweza kuyakubali bila kuipunguza imani yake. Mwaka 1955 wakuu wake walimtaka aache kuandika juu ya jambo hilo. Alitii, akanyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofunguliwa mwaka 1962 hakualikwa. Mwaka uliofuata Kardinali Spellman wa New York akamleta kama mtaalamu.

Tarehe 7 Desemba 1965, maaskofu 2,308 dhidi ya 70 waliupitisha waraka juu ya uhuru wa dini, ambao Murray alikuwa mmoja wa waandishi wake wakuu. Unafundisha kwamba mtu asilazimishwe katika dini, kwa kuwa Mungu amempa utu na heshima, na kwamba ukweli huingia moyoni kwa nguvu ya ukweli wenyewe. Kutoka kwetu, Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wa maaskofu walioketi katika Mtaguso huo. Basi Mkatoliki wa leo akikuambia kwamba kanisa lake linafundisha uhuru wa dhamiri, hasemi hivyo kwa kukuridhisha. Ndilo fundisho lake.

Na sisi je?

Mwaka 1523 Luther aliandika kwamba mamlaka ya dunia haina nguvu juu ya roho ya mtu. Imani haiwezi kulazimishwa. Maneno mazuri. Lakini katika miaka ya 1530 yeye na Melanchthon walikubali watawala wawaadhibu Waanabaptisti, hata kwa kifo. Mwezi Julai 2010, huko Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliwaomba Wamenoniti, warithi wa Waanabaptisti wale, msamaha. Ilituchukua karibu miaka 500. Nyani haoni kundule.

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba hakuna kanisa lililozaliwa likiujua uhuru. Kila mmoja aliupenda alipoonewa, akausahau alipopata nguvu. Wapuritani walifanya hivyo, Walutheri na Wakatoliki vilevile. Waliojifunza ni wale waliokubali kumwona jirani aliyefungwa kamba ileile waliyowahi kufungwa wao. Paulo anapowaandikia Wagalatia katika sura ya 5 kwamba wameitwa wawe huru, anawaambia papo hapo watumikiane kwa upendo. Hatutajii uhuru wa kujitetea peke yetu.

Jumatano mama yule alikuja. Nilimsimulia habari za mwalimu Meyer na wakili wake. Akacheka, kisha akauliza swali gumu zaidi: "Sawa, Baba Mchungaji. Na wajukuu wangu watabatizwa wapi?"

Sikumdanganya. Meza ya Bwana bado hatushiriki pamoja, na jambo hilo litawauma vijana wale baadhi ya Jumapili. Nilimwambia kwamba hilo ni lao kuliamua mapema, wakiwa wameketi pamoja, bila yeye kuwasukuma huku wala wazazi wa binti kuwasukuma kule. Imani aliyoipanda kwa mwanawe tangu ubatizo hadi kipaimara ama imeota mizizi, ama haitaota kwa kulazimishwa. Akafikiri kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Basi mwite na yule padre wao. Tukae wote."

Nikachukua simu nikampigia padre akiwa bado ameketi pale.